Kupima Toni kwa Sauti ya Ng'ambo

Nilistaafu mwezi uliopita. Karakana ilinipa saa ya ukutani kama zawadi, na saa yenyewe haikuwa na betri. Baada ya kuhangaikia betri za watu wengine maisha yangu yote, sioni haraka ya kuitafutia yake.

Vijana niliowaacha pale wameniomba niandike kidogo juu ya ripita, kwa kuwa wengi wao wamezikuta zikiwa tayari juu ya vilima na hawajui ni nani alipanda nazo. Nimekubali. Sitaandika habari za vyeo. Nilikuwa na vyeo viwili, na cha pili kilikuwa kile cha kwanza kilichopigwa chapa upya kwa herufi kubwa.

Niliacha shule darasa la tano. Watu hudhani ni mambo ya karo. Karo ilikuwapo. Niliacha kwa sababu darasa letu lilikuwa na dirisha lililotazama reli, na hakuna mwalimu aliyeweza kunieleza yule mtu wa stesheni alijuaje kwamba treni imetoka stesheni ya Simba kabla moshi wake haujaonekana. Nikaenda kutafuta jibu mwenyewe. Nilikata mkonge Kibwezi, nikachota mchanga wa kujengea, nikaziba pancha za baiskeli pale mjini Salama, nikawa taniboi, yaani utingo, wa lori la mbuzi. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa, kisha miguu ikaanza kuniwasha.

Rejeta ya lori hilo ndiyo iliyonipa kazi ya maisha. Ilipasuka Sultan Hamud mchana wa jua kali, mwishoni mwa miaka ya sitini. Dereva alienda kutafuta fundi, mimi nikabaki na mbuzi. Nyuma ya duka moja nikasikia mtu anazungumza peke yake, ananyamaza, na sauti nyingine nyembamba inamjibu kutoka ndani ya bati. Niliwaacha mbuzi wajichunge.

Mlangoni nilimkuta mzee wa Kigoa, miwani juu ya kipaji, meza imejaa nyaya. Huyo alikuwa Bwana Furtado, aliyekuwa fundi wa simu na ishara za reli hadi alipostaafu. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani alikuwa mmoja wa wale watu wanaojenga mitambo yao wenyewe na kuzungumza na dunia bila kulipwa na bila kuuza kitu.

"Wewe nataka nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha reli.

"Nataka kujua huyo mwingine yuko wapi."

"Mwingine iko Unguja. Nasema habari ya mvua. Ingia, lakini usiguse kitu."

Niliingia, nikagusa kitu. Nilipoinuka kutoka sakafuni, Bwana Furtado alikuwa amenishikia kikombe cha chai, na hakuonekana kukasirika. "Sasa wewe najua kitu moja," akasema. Lori liliondoka bila mimi jioni ile, na sijawahi kulitafuta.

Nilikaa kwake miaka mingi, nikijifunza kulehemu kwa risasi, kupinda antena, na kusoma mita. Lakini somo ninalotaka kuwaandikia lilikuja baadaye, miaka ya sabini ilipokuwa ukingoni, wakati yeye na wenzake wa redio ya ridhaa walipoamua kuweka ripita juu ya vilima vya Kilungu.

Kwa anayesoma haya bila kuwa mtu wa karakana, ripita ni redio inayokaa mahali pa juu. Inasikia sauti yako kwa wimbi moja na papo hapo inairudia kwa wimbi jingine, kwa nguvu zaidi. Wewe uko bondeni, mwenzako yuko bonde la tatu, hamwezi kusikizana. Lakini nyote wawili mnauona mlima, na mlima unawasemea. Ripita yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja. Miezi ya joto, mawimbi ya watu wa mbali, wa pwani na huko ng'ambo ya mpaka, yalikuwa yanatua juu ya Kilungu. Ripita, ambayo haina akili, iliwarudia wote kutwa nzima, na betri zikaisha kwa kusema habari za watu tusiowajua.

Dawa yake ni toni. Bwana Furtado aliniletea spika kubwa ya gramafoni kuukuu, akaiunganisha, akaniuliza nasikia nini.

"Sisikii kitu."

"Weka kidole."

Niliweka kidole kwenye karatasi ya spika. Ilikuwa inatetemeka, kidogo kidogo, kama koo la paka aliyeshiba. Nikainama, nikaweka sikio. Bado kimya. Kidole kilikuwa kinajua jambo ambalo sikio halijui.

Hiyo ndiyo toni. Ni mvumo wa chini sana ambao redio yako inautoa chini ya maneno yako muda wote unapobonyeza kitufe. Ripita inausikiliza. Ikiusikia, inafungua, isipousikia, inafunga hata kama unasema maneno matamu kiasi gani. Nilizoea kuwaeleza wageni kwamba ni kama hodi. Tofauti ni kwamba hodi ya nyumbani unaipiga mara moja ukakaribishwa, lakini hodi hii lazima uendelee kuipiga mpaka umalize kusema. Ukiikatiza hodi katikati ya sentensi, mlango unafungwa puani pako.

Kazi yote iko kwenye kiasi. Kuna kitundu kidogo ndani ya redio, unaingiza bisibisi ya plastiki, unazungusha. Ukiweka toni kubwa mno, inasikika nyuma ya maneno kama kinu cha posho mtaa wa pili, tena inakula nafasi ya sauti, kwa sababu wimbi lina upana wake na toni na sauti zinagawana upana huo huo. Ukiweka ndogo mno, mtu wa karibu ataingia vizuri, lakini yule wa mbali, ambaye wimbi lake linafika limechoka, mlango utampigapiga usoni. Bwana Furtado alipenda toni ichukue kama sehemu moja katika nane ya upana wote. Lakini alinionya nisiiamini mita peke yake.

"Fundi napima redio amekaa kiti, tumbo imejaa," alisema. "Mwenye redio natumia amesimama, tumbo tupu. Kumbuka hiyo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mtu hutikisa kichwa kwa mambo mengi.

Kibanda cha ripita tulikijenga katika shamba la Susu Nthenya, yaani Bibi Nthenya kwa Kikamba, mjane aliyekuwa na miparachichi na mbuzi wachache kwenye ukingo wa bonde. Hakutaka kodi. Alitaka ahadi kwamba lile sanduku halitasema neno Jumapili wakati wa ibada. Siku tuliyopandisha betri, tukiwa tumelowa jasho, alitoka nyumbani, akasimama kwenye ukingo, mkono mmoja kiunoni, mwingine pembeni ya mdomo, akamwita binti yake aliyekuwa ng'ambo. Haikuwa kelele ya kawaida. Ilitoka tumboni, ikaanza chini, na silabi ya mwisho ikavutwa mpaka ikavuka bonde zima. Baada ya kitambo jibu likarudi vilevile.

Bwana Furtado alisimama na bisibisi mkononi. "Huyu mama hana haja ya ripita."

"Na wewe Muhindi una haja gani," Susu akamjibu bila kugeuka, "ya kupanda mlima na mabetri kama punda?"

"Mimi si Muhindi, mama. Mimi Mgoa."

"Haya, Mgoa. Punda ni punda. Njooni mnywe uji."

Miaka michache baadaye, shirika la afya la kanisa lililokuwa na dispensari huku na ng'ambo ya mto Athi lilitaka nalo ripita. Likaomba nafasi katika kibanda kilekile, na likaniajiri. Bwana Furtado alikuwa amezeeka, hapandi mlima tena. Redio za dispensari zilikuwa za msaada, kuukuu, hazikuwa na toni, kwa hiyo tuliziwekea vibao vidogo vya toni vilivyokuja na karatasi ya maelekezo. Waya unaunganishwa pale maiki inapoingilia, karatasi ilisema. Ndivyo kila fundi wa wakati ule alivyofanya. Tulizipima moja baada ya nyingine mezani, tukihesabu moja, mbili, tatu kwenye maiki kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai. Zote zikawa safi.

Kazini, moja haikuwa safi. Ilikuwa ya dispensari moja ya kusini mwa Kitui, ng'ambo ya mto wa mchanga, ule ambao kiangazi unauvuka kwa miguu mikavu na mvua zikinyesha unabeba ng'ombe. Muuguzi wa pale alikuwa Kavata, mwanamke mrefu, mpole, anayesema kana kwamba kila mtu amelala. Kila asubuhi aliita hospitali ya shirika kutoa ripoti ya dawa na wagonjwa, na Mutinda, mtu wa redio pale hospitali, alimsikia vizuri kabisa. Siku ya shida, redio ilikatika. Neno linakuja, neno linapotea. Msimu mmoja wa mvua aliita gari kwa ajili ya mama aliyeshindwa kujifungua. Mutinda alipata jina la dispensari na neno "mama," basi. Gari likapita njia ya chini kama kawaida, likakuta mto umejaa, likarudi kuzunguka. Mama aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Nilikwenda kuipima redio ile mara mbili. Mara zote mbili sikuona kasoro.

Msimamizi wa afya wa shirika alikuwa Bwana Mbithi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dispensari nyingi na redio chache. "Fundi," akaniambia ofisini, "redio inayokatika siku ya shida peke yake si mbovu. Mtu ndiye anaiachia kitufe kwa hofu. Kuna dispensari nyingine inalilia redio. Kabla ya mvua nitaihamisha."

"Na chumba chake cha kuzalishia?"

"Bila redio nitakifunga. Siwezi kuwaacha akina mama pale bila njia ya kuita."

"Watazalia wapi?"

"Watakuja mapema, wakae karibu na hospitali."

Sote wawili tulijua hawatakuja mapema. Nilimwomba nirudi mara moja tu, nikae pale, si kupima na kuondoka. Alikubali. Angekuja na gari mwenyewe Ijumaa, na asipoona mabadiliko angeondoka na redio.

Kwa mtu wa tabia yangu, kukaa mahali pamoja bila kufanya kitu ni adhabu. Nilirekebisha kitasa cha mlango, nikaziba tangi la maji, nikatengeneza mizani ya watoto ambayo haikuwa imeharibika sana mpaka nilipoishika. Kila asubuhi Kavata aliketi kwenye stuli, akainamisha kichwa, akasema ripoti yake kwa sauti ya mtu wa ibadani, na Mutinda akampokea neno kwa neno. Nilianza kuamini maneno ya Bwana Mbithi, na nilijichukia kwa hilo.

Siku ya tatu, mchana, wakaja watu wanasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli mzee aliyeumwa na nyoka mguuni. Mguu ulikuwa umevimba kama gogo. Kavata aliangalia, akakimbilia redio. Mimi nilikuwa mlangoni na nyundo.

Hakuketi. Alisimama. Mkono mmoja ukaenda kiunoni, kichwa kikarudi nyuma, akaita hospitali kwa sauti iliyonifanya niangushe nyundo. Ilitoka tumboni, ikaanza chini, na mwisho wake ukavutwa mpaka dirisha likatetemeka. Nilitazama kidole gumba chake juu ya kitufe. Kilikuwa kimekandamiza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Hakikuachia hata kidogo. Na kwenye spika tulisikia Mutinda akilia, "Dispensari gani? Rudia! Unakatika!"

Nilimwomba maiki. Nikasema kwa sauti ya kuhesabu mayai: nyoka, mguu, mzee, leteni gari. "Nimepata," Mutinda akajibu. "Gari linatoka."

Kavata alinitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyatazama muda mrefu. "Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Mwaitu," nikamwita, yaani mama kwa Kikamba, "wewe ni mtu wa wapi?"

"Unaniuliza hayo sasa? Mgonjwa yuko hapa."

"Ni wa wapi?"

"Kilungu." Alikuwa ameshapiga magoti kwa mzee, anamfunga mguu kwenye ubao usitikisike. "Nimezaliwa kule juu. Kwa nini?"

Nilikuwa namwona tena Susu Nthenya kwenye ukingo wake. Huku kwenye tambarare ukimtaka mtu unamfuata au unamtuma mtoto. Kule vilimani unamwita ng'ambo, na kadiri alivyo mbali ndivyo unavyovuta sauti. Hospitali ilikuwa mbali. Kavata akiwa ametulia aliitumia redio kama walivyomfundisha. Akiogopa, alirudi nyumbani kwao, akaita kama mama yake alivyoita.

Na redio ilikuwa inamwadhibu kwa hilo. Ndani ya redio kuna sehemu inayozuia sauti kubwa isizidi upana wa wimbi. Sisi tuliiita kizuizi. Kwa kuwa waya wa toni tuliuunganisha pale maiki inapoingilia, toni na sauti zilipita kizuizi pamoja. Fikiria ng'ombe na mbuzi mnaowapitisha lango moja jembamba. Wakitembea polepole, wote wanapita. Ng'ombe wakianza kukimbia, mbuzi anakanyagwa. Sauti ya Kavata ilipokuwa kubwa, kizuizi kilibana kila kitu, na toni, ambayo ni ndogo tangu mwanzo, ikazama. Ripita ikaacha kusikia hodi. Mlango ukafungwa kwa sababu aliyebisha alikuwa na shida kubwa mno.

Jioni, mzee akiwa ameshachukuliwa, nilimweleza Bwana Mbithi kwa redio.

"Vizuri," akasema. "Basi mwambie asipige kelele, yaishe."

Kavata alichukua maiki. "Nimejaribu, Bwana Mbithi. Mtu akiwa anakufa miguuni pangu, sauti haiombi ruhusa."

"Tutaonana Ijumaa," Bwana Mbithi akasema.

Nilifungua redio ile juu ya meza ya chanjo. Umeme wa kulehemu haukuwapo, kwa hiyo nilipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa la Kavata, karibu na sufuria ya muthokoi, mahindi yake yaliyokobolewa, nikawa nakimbia nacho mezani kabla hakijapoa. Niliung'oa waya wa toni pale mwanzo, nikaupeleka mbele, upande wa pili wa kizuizi, ili mbuzi wapate lango lao wenyewe. Tulipoita, Mutinda akalalamika, "Nyuma yako kuna kinu cha posho!" Ilikuwa sawa. Toni iliyokuwa ikibanwa sasa ilikuwa huru, nayo ilikuwa kubwa mno. Niliipunguza kwa bisibisi ya plastiki, unywele baada ya unywele, mpaka Mutinda akasema kinu kimefungwa. Kisha nikaiongeza unywele mmoja, kwa ajili ya siku za betri dhaifu. Sauti nayo niliipunguzia kidogo upana, ili vyote viwili vitosheane.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kuhesabu mayai. Nilipomwomba Kavata apige kelele, alicheka, akafunika mdomo. "Nipige kelele bure? Watu watasema nimerukwa na akili." Akasema "haloo" kubwa kidogo, kama mtu anayemwita mhudumu hotelini. Siku mbili nilimbembeleza. Sauti ile haikutoka.

Ijumaa gari la Bwana Mbithi likafika. Dereva alikuwa na sanduku tupu la mbao, lenye majani makavu ndani, la kubebea redio. Aliliweka mlangoni, na Kavata akalitazama kama mtu anavyotazama jeneza la saizi yake.

"Haya, Sista," Bwana Mbithi akasema, akiketi. "Piga kelele. Si ndiyo kazi tuliyokuachia?"

Kavata alishika maiki. Akasema "Hospitali, hospitali," kwa sauti ya ibadani. Mutinda akajibu kwamba anapata vizuri. Bwana Mbithi akanitazama: hilo tulilijua toka zamani.

Nikakumbuka Bwana Furtado na tumbo lake tupu. Nikasogeza stuli pembeni kwa mguu, ili asipate pa kukaa.

"Kavata," nikasema, "mama yako yuko hai?"

"Yuko. Kilungu."

"Yuko ng'ambo ya bonde, shambani. Uko ukingoni. Mahindi mmeyaanika uani, mavuno yote ya mwaka. Mvua ile pale, imeshafika mlima wa pili. Yeye hajaiona."

Alifumba macho. Niliona mkono ukienda kiunoni wenyewe, bila kuulizwa.

"Mwaituuuu!" Bwana Mbithi aliruka kutoka kitini. "Mwaituuu! Mahindi! Anua mahindi, mvua imefika Ngaaani! Waite na wale wengine! Usingoje magunia, funika kwa ngozi, funika kwa kitu chochooote!"

Aliachia kitufe. Kuku walikuwa wametoroka uani. Mutinda akaja redioni, sauti yake ndogo:

"Kavata. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tunapima redio."

"Ngani ni wapi? Nani ana mahindi? Nimepata yote mpaka ngozi. Redio imepona, masikio yangu ndiyo yanataka dispensari."

Bwana Mbithi alicheka mpaka akavua kofia. Kisha hakucheka tena. Alikaa akiitazama maiki, na nadhani aliwaza yale niliyokuwa nawaza mimi, juu ya msimu uliopita na neno moja lililofika peke yake. Akamwambia dereva arudishe sanduku garini. Akaniagiza nizifungue redio zote, nisiache hata moja.

Tangu wakati huo sikupima tena redio kwa kuhesabu. Namwambia mwenyewe asimame, nauliza ni nani angemwita na kwa jambo gani, kisha naweka toni kwa sauti hiyo. Wengine waliita waume zao, wengine mbwa. Mwalimu mmoja alimwita mdeni wake. Vijana, meza zenu sasa zina mita nzuri kuliko zangu zote, na mzitumie. Mkimaliza, msogezeeni mtu stuli mbali.

Mvua za msimu ule zilikuja na hasira. Nilikuwa hospitali, chumbani kwa Mutinda, nimekuja kubadilisha betri, pale Kavata alipoita. Ilikuwa adhuhuri, lakini mawingu yalikuwa yameifanya kama magharibi. Mama aitwaye Mueni, mtoto amekaa vibaya. Sauti ilikuja ile ile, ya ng'ambo, imepasuka, mbaya, inakwaruza spika, na nikaweka kidole kwenye karatasi ya spika bila kujua nakitafuta nini. Ila haikukatika. Alisema njia ya chini imejaa, wasiijaribu. Alisema wazunguke juu, kwenye mawe. Alisema waje na daktari, si dereva peke yake. Mutinda alikuwa anaandika huku ananiambia, "Yote. Ananipa yote." Gari lilitoka na daktari, likazunguka juu.

Kisha hatukuwa na la kufanya. Mvua ilipiga mabati, Mutinda alichemsha chai na kuisahau. Kabla giza halijaingia, spika ikakwaruza tu, na mtu akanong'ona.

"Hospitali."

Mutinda aliruka. "Sema, Kavata! Nakusikia kwa mbali! Ongeza sauti, mwaitu, ongeza!"

"Siongezi," akasema. "Nitamwamsha Mueni na mtoto wake. Wamelala wote wawili."

Hakuachia kitufe. Toni ikaendelea kubisha hodi chini ya kimya chake, mlima ukaendelea kufungua, na sisi tukakaa pale tukisikiliza mvua ikinyesha juu ya mabati ya dispensari.